Richard Kandt: Daktari aliyeifuata Nile hadi Nyungwe, na wapagazi waliombebea mizigo

Watembeaji wanaomaliza njia ya Kongo-Nile huwasili Rusizi wakiwa na sura moja. Viatu vimepoteza rangi kwa tope, mabega yana alama za mikanda ya shanta, na macho yanatafuta mahali pa kuketi. Wametoka Rubavu, kaskazini mwa Ziwa Kivu, wakapita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Aliyetembea kwa miguu njia nzima ya kilomita 227 ametumia takriban siku kumi. Njiani, katika wilaya ya Nyamasheke, kuna mahali panapoitwa Shangi, juu ya ziwa. Ni wachache wanaojua kwamba hapo aliishi kwa miaka kadhaa daktari mmoja wa Kijerumani aliyeitembea milima hii kabla ya kuwepo vibao, ramani wala simu ya kuomba msaada.

Jina lake ni Richard Kandt. Mjini Kigali nyumba ya makumbusho inaitwa kwa jina lake, na wengi humjua kama mtu aliyeuanzisha mji huo. Huku kwetu magharibi, tulikuwa tukimsikia zaidi katika habari za chemchemi ya Mto Nile. Lakini maisha yake yana upande mwingine ambao anayefunga kamba za buti leo kwenda Nyungwe au Karisimbi angefaidika kuujua: namna watu walivyotembea milimani, walichobeba, walichovaa, na kwa nini baadhi yao hawakurudi.

Mtoto wa Posen

Alizaliwa tarehe 17 Disemba 1867 mjini Posen, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na leo unaitwa Poznań nchini Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na jina lake la ukoo lilikuwa Kantorowicz. Mwaka 1894 alilibadili na kuwa Kandt, baada ya kujiunga na Ukristo wa Kiprotestanti. Alisomea udaktari katika vyuo vya Ujerumani ya kusini, kisha akajikita katika tiba ya magonjwa ya akili na kufanya kazi Bayreuth na Munich.

Hakuwa mwanajeshi, hakuwa mmisionari, wala hakutoka katika nchi ya milima mirefu. Posen ni tambarare. Kilichomtoa hospitalini kilikuwa swali ambalo Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa imeligeuza kuwa kama ugonjwa: Nile inaanzia wapi? Ziwa Victoria lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa hifadhi kuu ya maji yake, lakini ziwa nalo hupokea mito, na mkubwa kati ya hiyo ni Kagera. Basi aliyetaka kuijua Nile ilimpasa kuifuata Kagera kwenda juu. Mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann alikuwa amefika kwenye vyanzo vya Ruvubu, katika Burundi ya leo, akaamini kwamba kazi imekwisha. Kandt hakuridhika. Kagera inaundwa na mito miwili, Ruvubu na Nyabarongo, na hakuna aliyekuwa ameifuata Nyabarongo hadi mwisho wake.

Alijiandaa Berlin kwa kujifunza upimaji na elimu nyingine za safari, na mwaka 1897 akafunga safari kwa gharama zake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Mzigo wa kilo 30 kichwani

Safari kama hiyo ilianzia Bagamoyo. Kutoka pwani hadi Tabora ni yapata kilomita 800, na kila kitu kilichohitajika kilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Mnyama wa mizigo hakuweza kutegemewa, kwa sababu mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe njiani. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban kilo 30, juu yake akaongeza mkeka wake, sufuria na chakula. Kwa kulinganisha tu, kanuni za leo za mlima Kilimanjaro zinamruhusu mpagazi kubeba kilo 20.

Ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na hema la bwana mkubwa, kitanda cha kukunja, dawa, risasi, vyombo vya kupimia, vitabu, pamoja na marobota ya nguo na shanga za kununulia chakula na kulipia ruhusa ya kupita. Wapelelezi wa zama hizo walipima urefu wa mlima kwa njia rahisi ambayo bado inapendeza: walichemsha maji. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Ufukweni mwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Juu ya Karisimbi, kilele cha mita 4,507, hazifiki nyuzi 86. Hii ndiyo sababu wali wa kambini huchelewa kuiva, na mpishi asiyeijua huilaumu kuni.

Mzungu wa msafara alikuwa na buti za ngozi, soksi za sufu, koti zito na hema lisilopitisha maji. Mpagazi alikuwa na shuka ya merikani na nyayo zake. Wengi wa wapagazi mashuhuri wa njia ya Tabora walikuwa Wanyamwezi, watu wa nyanda za joto, waliokuwa mabingwa wa kutembea umbali mrefu kwenye ardhi kavu. Katika njia ya bara vazi lao lilitosha. Kwenye milima ya maziwa makuu halikutosha, na tofauti hiyo ndogo kwenye orodha ya mizigo itarudi baadaye katika simulizi hili ikiwa na gharama kubwa.

Nitaongeza jambo moja linalonihusu kama mtu ninayekula jasho langu kwa kutafsiri. Kiswahili tunachopigia bei samaki na vitenge sokoni Kamembe, tukizungumza na jirani zetu wa Bukavu, kilipandishwa milima hii na misafara ya namna hiyo. Kirangozi aliyetangulia mbele, mnyapara aliyegawa mizigo, askari aliyelinda nyuma, wote walielewana kwa Kiswahili. Kandt mwenyewe asingefika popote bila lugha hiyo.

Mfalme ambaye hakuwa mfalme

Aliondoka Tabora mwaka 1898 na kufuata Kagera. Mahali Ruvubu na Nyabarongo zinapokutana, karibu na maporomoko ya Rusumo, ilimbidi achague. Alilinganisha mito yote miwili, akahukumu kwamba Nyabarongo ndiyo mama. Uamuzi huo ulimwingiza katikati ya Rwanda.

Aliikuta nchi yenye jeraha bichi. Miaka miwili kabla, mwaka 1896, majeshi ya Rwanda yalikuwa yamepigwa huko huko Shangi na kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichokuwa na bunduki. Mwisho wa mwaka huo yakatokea mapinduzi ya Rucunshu, yaliyomwondoa Mfalme Mibambwe Rutarindwa na kumweka kitini Yuhi Musinga, aliyekuwa bado kijana. Kwa hiyo mgeni mwenye ngozi nyeupe na watu wenye silaha hakuwa mtu wa kuaminiwa. Kandt alipofika katika makao ya mfalme mwezi Juni 1898, hakuonyeshwa Musinga. Alionyeshwa mtu mwingine, mtu mzima wa kasri, aliyeketishwa mahali pa mfalme. Hila hiyo ilipangwa kwa ustadi, na si vigumu kuielewa: mgeni akiwa na nia mbaya, atakayedhurika hatakuwa mfalme.

Kutoka hapo aliendelea na Nyabarongo kwenda juu. Mto huo huanza pale Mwogo na Mbirurume zinapoungana. Akaifuata Mwogo, kisha tawi lake, Rukarara, ambalo linatoka katika msitu mkubwa wa mlimani ambao wageni wa enzi hizo waliuita Rugege na sisi twauita Nyungwe.

Ndani ya msitu

Asiyewahi kuingia Nyungwe hudhani msitu ni kivuli na ndege. Aliyezaliwa Rusizi huujua zaidi kama baridi. Tukiwa wadogo, basi la kwenda Huye lilipoingia msituni kila abiria alijifunika kwa alichonacho, na wazee walifunga madirisha kabla ya kuulizwa. Msitu huu huanza kwenye mita 1,600 hivi na kupanda hadi mlima Bigugu wenye mita 2,950. Hupokea takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukungu hushuka bila taarifa, na ndani ya dakika chache anayetembea mbele yako hubaki sauti tu.

Mwaka 1898 njia za humo zilikuwa za wanyama, wawindaji na warina asali. Ndovu na nyati walikuwepo. Leo hawapo tena: ndovu wa mwisho wa Nyungwe alikufa mwaka 1999. Ila mengine yote yaliyomsumbua Kandt na watu wake yangalipo. Miteremko ni mikali kiasi kwamba kuteremka huchosha magoti kuliko kupanda. Udongo ukilowa huteleza kama sabuni. Siafu huvuka njia, na kuna majani yawashayo ambayo hupenya suruali nyembamba. Vijito vinavyovukwa asubuhi kwa hatua moja huweza kujaa alasiri.

Ndiyo maana waongozaji wa hifadhi huwapa wageni fimbo ya mti kabla ya kuanza, na hushauri mambo ambayo kwa macho huonekana madogo: suruali ichomekwe ndani ya soksi ndefu, mikono iwe na glavu kwa ajili ya kushika matawi, koti la mvua liwe juu kabisa ndani ya shanta na si chini ya vyakula. Buti ziwe zimekwisha kuzoea mguu kabla ya siku hiyo, maana buti mpya ni malengelenge ya uhakika. Kucha zikatwe, vinginevyo mteremko utazikata kwa namna yake. Tochi ya kufunga kichwani ibebwe hata kwa matembezi ya saa tatu, kwa kuwa karibu na ikweta giza huingia saa kumi na mbili jioni na kitu, bila machweo marefu ya kumpa mtu nafasi ya kurekebisha hesabu zake. Filimbi ni nyepesi, na sauti yake hufika mbali kuliko ya mtu aliyechoka.

Kandt alifika kwenye chemchemi ya Rukarara mwezi Agosti 1898, yaani ndani ya kiangazi kirefu, ambacho Wanyarwanda huita impeshyi. Mpaka sasa kipindi cha Juni hadi Agosti ndicho ambacho njia za Nyungwe hukauka kiasi cha kupitika kwa raha. Alichokikuta mwisho wa korongo hakikuwa maporomoko wala dimbwi la buluu. Palikuwa na shimo dogo lenye unyevunyevu, na maji yakitoka ardhini tone kwa tone. Baada ya mwaka mzima wa kutembea, hilo ndilo lililokuwa mbele yake.

Katika habari tunazotafsiri kila siku, neno la kawaida mahali kama hapa ni kugundua. Nimeliacha makusudi. Watu waliokaa kando ya Rukarara walichota maji yake vizazi na vizazi, na walioiongoza misafara ndani ya msitu walijua kila kijito kilielekea wapi. Alichokifanya Kandt ni kuunganisha ujuzi huo na ramani ya dunia: kuonyesha kwamba tone hili la Nyungwe, likipita Mwogo, Nyabarongo, Kagera na Ziwa Victoria, ndilo linalofika Misri. Tone jingine, likianguka upande wa pili wa mgongo uleule wa milima, huingia Kivu, hushuka na Mto Rusizi hadi Tanganyika, kisha huingia Mto Kongo na kwenda Bahari ya Atlantiki. Anayeitembea njia ya Kongo-Nile leo anatembea kandokando ya mpaka huo wa maji.

Amani ya Mlimani

Baada ya Rukarara alielekea kwenye nchi ya volkeno za Virunga na Ziwa Kivu. Mwaka 1899 alijenga makazi karibu na Shangi, akayaita Bergfrieden, yaani Amani ya Mlimani. Alikaa hapo hadi 1902, akarudi kwao, kisha akaishi tena hapo kuanzia 1905. Alilizunguka ziwa, akalichora pamoja na visiwa vyake, akapima vilele, akakusanya mimea na wanyama na kuvipeleka Berlin. Kima wa dhahabu, anayepatikana Virunga na ambaye watalii hulipa kumwona, alipewa jina la kisayansi linalotokana na jina lake.

Hakuwa mtu wa mbio. Hilo ndilo ninaloliona kuwa nguvu yake kubwa milimani. Wapelelezi wengi wa wakati wake waliivuka nchi hii kwa wiki chache wakitafuta kilele au mpaka, kisha wakaondoka. Yeye alikaa, akajifunza majira, akarudi njia ileile katika masika na katika kiangazi, akauliza wenyeji. Kitabu chake, Caput Nili, kilichochapishwa mwaka 1904, kilimpa umaarufu Ujerumani kwa sababu kilikuwa na uvumilivu huo ndani yake.

Lakini tusimgeuze kuwa mtembeaji asiye na siasa. Wakati huo Ujerumani na Dola Huru ya Kongo ziligombea ukingo wa Kivu, na Mjerumani aliyekaa Shangi akichora ramani alikuwa na faida kwa serikali yake. Ramani zake zilisaidia kutawala. Mwaka 1907 akateuliwa kuwa Mwakilishi wa kwanza wa kiraia wa Ujerumani nchini Rwanda, na akachagua kilima cha Nyarugenge, katikati ya nchi na mbali kidogo na kasri la Nyanza, kuwa makao yake. Hapo ndipo Kigali ilipoanzia. Alitawala kwa kumtegemea Musinga na watawala wake wa jadi, mfumo ambao matokeo yake yanahitaji makala ya peke yake.

Februari 1908, juu ya Karisimbi

Kandt alikuwa na miezi michache tu katika wadhifa huo ilipotokea ajali ambayo, kwa maoni yangu, ingestahili kujulikana kuliko chemchemi yoyote. Haikumpata yeye. Iliupata msafara wa kisayansi wa Mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg, uliokuwa ukizunguka Rwanda na Virunga mwaka 1907 na 1908. Mwanajiolojia wa msafara huo, Egon Kirschstein, alikuwa akizichunguza volkeno moja baada ya nyingine.

Mwishoni mwa Februari 1908 alikuwa na wapagazi wake juu ya Karisimbi, wakivuka uwanda wa kreta wenye kinamasi, dhoruba ilipowashukia. Ilikuwa mvua ya mawe, ikifuatwa na theluji. Februari huhesabiwa kuwa miongoni mwa miezi mikavu, na bila shaka asubuhi haikuonyesha dalili ya kutisha. Wapagazi walikuwa na nguo nyepesi zilizolowa mara moja. Wengi walitua mizigo, wakalala chini, wakakataa kuinuka. Siku hiyo walikufa wapagazi 20.

Hawakuuawa na mnyama, hawakutumbukia korongoni, wala hawakupotea. Waliuawa na maji na upepo. Joto la hewa hupungua kwa nyuzi sita hivi katika kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka ufukwe wa Kivu hadi kilele cha Karisimbi ni zaidi ya mita 3,000 kwenda juu. Siku ambayo Kamembe ina nyuzi 22, kule juu hazizidi nne, na hapo hatujahesabu upepo. Nguo ya pamba ikilowa haizuii tena baridi. Inakuwa kama kitambaa cha maji kilichobandikwa mwilini. Watu wa Rwanda walijua tangu zamani mlima ule una nini, kwani jina lenyewe husemekana kutokana na isimbi, simbi nyeupe, kwa ajili ya weupe unaokivika kilele baadhi ya asubuhi.

Kulala chini na kukataa kuinuka kuliwashangaza waliosimulia mkasa huo, na wakakuchukua kuwa kukata tamaa. Madaktari wa leo wangekusoma kwa namna nyingine. Joto la mwili likishuka, kwanza mtu hutetemeka. Kisha mikono hukataa kufunga kifungo, miguu hujikwaa, maneno huvurugika kama ya mlevi, na akili huacha kuona hatari. Baadaye mtetemeko hukoma, na anayemwona hudhani amepata nafuu, kumbe amekaribia mwisho. Katika hatua hiyo hamu kubwa kuliko zote ni kulala. Mwenzako akifika hapo, usimwache apumzike peke yake. Mkinge na upepo, mvue kilicholowa, mvike kikavu, mfunike kichwa, mlalishe juu ya kitu kinachomtenga na ardhi, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa bado anaweza kumeza vizuri. Pombe humzidishia baridi. Kumsugua mikono na miguu kwa nguvu nako kunaweza kumdhuru. Kisha apelekwe chini.

Adui wa pili wa Karisimbi ni uhaba wa hewa, na yeye huja polepole zaidi. Mlima huo hupandwa kwa siku mbili, na wapandaji hulala kwenye kambi iliyo katika mita 3,700 hivi. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni ishara za kutodharauliwa. Zikizidi, dawa ni moja ambayo haiuzwi dukani: kuteremka usiku huohuo bila kungoja mapambazuko. Vijana wenye nguvu ndio hukaidi, kwa sababu wamezoea miili yao kuwatii.

Miaka ya mwisho

Kandt aliondoka Rwanda kwa likizo mwishoni mwa mwaka 1913. Hakurudi tena. Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta Ujerumani, akavaa sare kama daktari wa jeshi. Mwaka 1917, katika uwanja wa mapambano wa mashariki, alivuta hewa ya sumu, na afya yake haikurudi. Alifariki tarehe 29 Aprili 1918 katika hospitali ya kijeshi mjini Nuremberg, akiwa na umri wa miaka 50. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoshwa Rwanda kwa takriban miaka miwili, na Kigali yake ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji.

Ubishi wa chemchemi haukufa naye. Burundi ina mnara wake wa mawe, umbo la piramidi, uliojengwa mwaka 1938 katika eneo la Rutovu, kwenye chanzo kilicho kusini kabisa mwa mfumo wa Nile. Mwaka 2006 wasafiri watatu kutoka Uingereza na New Zealand walioipanda Nile kwa mashua kutoka Misri walimalizia safari ndani ya Nyungwe, wakiwa na vifaa vya setilaiti mkononi, wakadai kwamba chanzo cha mbali zaidi kiko humo, si mbali na pale alipofika Kandt. Mwezi Septemba 2023 hifadhi ya Nyungwe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Leo huwezi kupanda Karisimbi wala kuingia njia za Nyungwe bila kibali na mwongozaji. Wapo wageni wanaonung'unikia gharama hiyo. Wapagazi wa volkeno hukusanyika mapema asubuhi upande wa Musanze, baadhi yao wakiwa wanaume waliowahi kuishi kwa kuwinda ndani ya misitu hiyo. Mgeni akimkodi mmoja wao kumbebea shanta, kuna jambo la kufanya kabla ya kumkabidhi: kumtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama ana koti la mvua, kofia, na viatu vyenye soli. Kama hana, hatua hizo za mwanzo zisianze mpaka apate. Wa mwaka 1908 hawakuulizwa, na kati ya wale 20 hakuna hata mmoja ambaye jina lake limewekwa kwenye mlima, mtaa au nyumba ya makumbusho.